Sehemu ya Mwisho ya Wimbo

Kila Jumamosi alasiri watunzi wa mji ule, walimu, vinyozi na wauza duka, walikutana katika ukumbi wa shule kusikilizishana nyimbo zao na kukosoana. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Sikudhani, mshonaji. Alipiga kwa kinanda wimbo wake wa kwanza, kisha akauachia katikati.

"Mwisho wake umenishinda," alisema. "Nisaidieni."

Mzee Mbaruku, aliyeogopwa na wote kwa ukali wa kukosoa, alikuwa amevua miwani.

"Umeutoa wapi, mwanangu?"

"Nimeutunga mwenyewe, mzee. Hunijia nikishona, pale nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Ile nyumba ya ghorofa, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nimehamia juzijuzi."

"Dada yangu Tunu aliutunga katika nyumba hiyo, tukiwa watoto. Alinifundisha nusu tu, akaugua, akafa kabla hajaumaliza. Sijapata kumwimbia mtu yeyote wimbo huo."

Sikudhani alitaka kuinuka aondoke, lakini mzee akamsihi, "Upige tena. Taratibu."

Akaanza. Alipofika pale alipokwama, vidole havikusita. Vilipita, vikaingia mahali asipopajua, kwenye sauti za juu, nyepesi kama za mtoto anayecheza peke yake. Akamtazama mzee kwa hofu.

Mzee alikuwa akilia. Akavuta kiti kitupu, akakiweka kando ya kinanda, akakipangusa vumbi kwa leso yake. "Keti, Tunu," alinong'ona.