Ukaguzi wa Vyombo

"Nimekuja kukagua vyombo," alisema mkaguzi wa uvuvi, akipangusa tope kwenye viatu vyake vipya.

Mama mwenye nyumba akampa kiti, akaingia jikoni. Akarudi na sufuria mbili, beseni na mwiko.

"Hivi ni vya kupikia, mwanangu. Vya chai bado vinakauka."

Mkaguzi akashusha pumzi. Shahada anayo, subira hana. "Si hivyo, mama. Unayo mashua, sivyo? Kanuni zimebadilika. Ada imepanda mara tatu, na kuanzia kesho mashua isiyo na cheti cha ukaguzi inakamatwa."

Mama akakaa chini. Watoto wanne walikula kwa mashua ile. Ada ya zamani tu ilikuwa imemtoa jasho, na mtaa mzima ulikuwa ukilia kilio hicho hicho.

"Nisomee hiyo kanuni. Macho yangu yamechoka."

"'Chombo chochote kitumikacho kwa samaki kitakaguliwa na kupewa cheti.'"

"Na sufuria yangu naipikia nini?"

"'Chombo kisichofika mita moja hakitalipiwa ada,'" aliendelea mkaguzi, kisha akairudia sentensi kimoyomoyo. Waliotunga kanuni ile walikaa ghorofani wakipulizwa na kiyoyozi. Samaki walimjua akiwa sahanini, tena amekwisha kutolewa miiba.

Akachungulia nje. Mashua zilikuwa ng'ambo ya tope, mwendo wa saa nzima. Bosi wake hakuwahi kumuuliza amekagua nini. Aliuliza vingapi.

"Hapa vyombo viko vingapi, mama?"

Mama akarudi jikoni. Akaleta birika, ndoo mbili na vikombe sita. Akavitazama, midomo ikimcheza, kisha kikombe kimoja akakirudisha.

"Kumi na viwili. Niandikie vizuri, baba, nisije nikasumbuliwa tena."

Mkaguzi alicheka moyoni. Masikini mama wa watu, chombo chenyewe hajui maana yake. Akajaza cheti: Vyombo, kumi na viwili. Hali, safi. Ada, hakuna. Ruhusa ya kutumika, mwaka mzima. Fomu mpya haikuwa na nafasi ya kuandika aina ya chombo, kwa hiyo hakuiandika. Akagonga muhuri, akaaga, akashika njia kavu ya kurudi ofisini, kazi ya siku nzima imeisha kabla ya chai ya saa nne.

Kesho yake asubuhi askari wa doria alikisoma cheti mara mbili. Akaugeuza muhuri kwenye mwanga, akakuna kichwa, akapisha njia. Mashua ya mama ikatangulia majini, na nyuma yake zikafuata za majirani, zote kumi na moja.