Glavu Niliyoivaa Nyumbani

Siku hizi hakuna anayejifunza kwa kukosea. Mwalimu anavaa glavu inayokariri miendo ya mikono yake, kisha mwanafunzi anaivaa, na somo baada ya somo mikono yake inajua. Mimi nilivunja sindano za kioo miaka tisa kabla sijaweza kugusa seli moja ya ubongo na kupima umeme wake bila kuipasua. Mwanafunzi wangu Nuriati aliweza kwa wiki moja.

Nilishajua anatembea na mume wangu, Shaweji. Ndiyo maana glavu ya kumfundishia Nuriati niliivaa hata nyumbani, mwezi mzima.

Jana Shaweji alinipigia simu. Yeye na Nuriati wanaishi pamoja sasa.

“Mama Zubeda, umemfanya nini Nuriati? Anakoroga chai kama wewe. Ananifunga vifungo vya shati kama wewe.”

“Nimemfundisha kazi.”

“Haya yataisha lini?”

“Glavu inafuata mpangilio nilioupanga. Unakumbuka siku uliyokuja kuchukua nguo zako, ukanikuta jikoni na kisu, ukatoka mbio?”

“Nakumbuka. Kwa nini?”

“Nilikuwa nimeivaa ile glavu. Hilo ndilo somo la mwisho, bado hajalifikia.”