Mjane wa Marhoun

Wiki ya Idi kubwa ilipoingia, Bi Turkiya aliacha kumtazama Ghaniya usoni. Alimpokea kikapu mlangoni huku macho yake yako kwenye mkeka, akaitikia shikamoo yake kwa sauti ya chini, akageuka. Chai waliinywa kila mmoja upande wake, na Aliya, binti wa Ghaniya, akawauliza kama wamegombana.

Hawakugombana. Ghaniya alidhani anaijua sababu, na sababu yenyewe ilimfanya ashindwe kula.

Alikuwa mke wa Marhoun, mtoto wa pekee wa Bi Turkiya. Wote watatu walitoka Unguja wakafikia Ibra, Omani, kwa jamaa wa Marhoun ambao hawakujua neno la Kiswahili, na Marhoun akapata kazi ya udereva. Alijenga nyumba, na haukupita muda gari ikampindukia njia ya Maskati, akafa. Ghaniya alipomaliza eda, jamaa walikaa kumsubiri aondoke. Hakuwa na wazee wala ndugu Omani nzima. Bi Turkiya akawaambia mbele ya watu: huyu ni mwanangu, na mwanangu haendi popote. Tangu hapo waliishi wenyewe, bibi, mama na mtoto, katika nyumba hiyo ya Marhoun, na Ghaniya akapata kazi ya kuandikisha wagonjwa zahanati.

Nadhir alikuja huko zahanati kutia waya za umeme. Alikuwa mtu wa Sur aliyekulia Unguja. Alimsikia Ghaniya akimpa pole bibi mmoja kwa Kiswahili, akashuka ngazini akasimama kusikiliza tu. Kazi ya siku chache ikachukua mwezi. Hawakuwahi kukaa peke yao, maneno yao yalikuwa ya mlangoni. Lakini Ghaniya alianza kujifukiza udi kabla ya kwenda kazini, na jioni alikaa kula chakula alichopikiwa na mama wa Marhoun huku moyo wake uko kwa mwanamume mwengine. Alijiona mwizi ndani ya nyumba iliyomstiri.

Nadhir alipomwambia kwamba siku ya pili ya Idi atakuja kuposa, na kwamba ataposa kwa Bi Turkiya, Ghaniya alimwomba angoje. Nadhir alijibu kwa upole kuwa hataki mapenzi ya mlangoni, yanamvunjia heshima yeye Ghaniya.

Ndiyo hapo Bi Turkiya alipobadilika. Alianza kunong'ona na jirani yao Fakhriya, na Ghaniya akiingia wote wawili wananyamaza. Mchana alifungua sanduku lake la nguo, akasikia hatua za Ghaniya, akalifunga. Siku moja alikuja Mzee Amur wa nyumba ya pili, mzee aliyefiwa na mkewe zamani, ambaye kila Idi huwachinjia mbuzi na kuwafukia nyama shimoni kwenye makaa iive pamoja na yake. Alisema amekuja kuulizia mbuzi. Walizungumza barazani kwa muda mrefu, na Ghaniya alipotoka na kahawa maneno yakakatika. Mzee Amur aliinywa kahawa wima, akaaga bila kuinua macho.

Hata huyu anajua, Ghaniya akasema moyoni. Akaingia ndani, uso unamwaka.

Siku ya Arafa Ghaniya na Bi Turkiya walikuwa wakichagua mchele. Bi Turkiya hakuinua kichwa kwenye ungo.

"Watu wameshaanza kusema, Ghaniya."

"Wanasema nini, mama?"

"Unawajua watu." Aliokota kijiwe, akakitupa. "Marhoun angekuwa hai, sijui ningemwambia nini."

Ghaniya alibeba ungo wake akaenda jikoni, akalia mbele ya jiko ili Aliya akimkuta adhani ni moshi.

Siku ya Idi walikwenda kusali, wakapokea wageni, wakala. Aliya alizunguka mtaa mzima na kanzu yake mpya. Bi Turkiya alisema kichwa kinamuuma, akalala mapema. Ghaniya alikesha. Alimfikiria Nadhir kwenye ngazi yake, halafu akamfikiria mama wa watu akiachwa peke yake katika nyumba tupu, hana mtoto wala mjukuu, baada ya yote aliyomtendea. Kulipokucha alikwisha kata shauri.

Alimkuta Bi Turkiya amekaa kitandani, amevaa, anatazama ukuta. Akapiga magoti, akamshika miguu, akamwambia yote: jina la mtu, zahanati, udi wa asubuhi, na kwamba leo baada ya alasiri anakuja kuposa.

"Nisamehe, mama. Najua nimekuaibisha. Nitamwambia arudi Sur, na wala hatokuja tena. Mimi sitoki hapa. Nitakaa na wewe mpaka Mungu atutenganishe."

Bi Turkiya alijifunika shela uso mzima. Mabega yalimtikisika. Ghaniya akazidi kuinama, akijua kwamba mama anamlilia mwanawe, na kwamba yeye ndiye aliyemliza.

Mkono wa bibi ukatoka ndani ya shela, ukamshika kichwa.

"Usimrudishe, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani ardhi immeze. "Ukibaki hapa utakaa na nani? Mzee Amur kaniposa tangu Idi ndogo, na mimi nimeshamkubalia."