Kifungo Chekundu

Binti wa Kaltumu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kemia kwenye meza ya cherehani, akitumia vifungo na uzi wa mama yake. Kifungo cheusi alikiweka katikati, vyekundu viwili pembeni.

"Mama, ona mazuku, ile hewa inauaka watu. Kaboni moja, oksijeni mbili. Iko nzito, inalala mu mashimo."

Kaltumu aliacha kushona. "Haipandi mulima?"

"Hapana. Inashuka tu."

Nyumba ya marehemu mama yake Kaltumu ilikuwa Bugeshi, juu kabisa, karibu na volkano. Asubuhi walipomkuta amekufa kitandani, watu wote walisema ni mazuku. Wanawake waliomwosha walishangaa mashavu yake, mekundu kama ya bibi harusi.

Binti alikata uzi. Kifungo chekundu kimoja kikabingirika mezani, Kaltumu akakidaka. Kilichobaki, binti alikifunga kwenye cheusi kwa nyuzi tatu.

"Sasa hii ni hewa ingine kabisa. Inatoka ku mbabula, makaa ikiwaka mu chumba ya kufunga. Haina harufu. Inashika damu, haiachilie. Mutu anakufa na mashavu nyekundu."

Kaltumu aliitazama mikono yake. Jioni ya kuamkia asubuhi ile, kabla ya kurudi mjini, mikono hii ndiyo iliyoingiza mbabula chumbani ili mama asione baridi. Ndiyo iliyoziba uwazi wa mlango kwa kitenge.

"Mama, nipe kifungo yangu."

Kaltumu alijaribu kufungua vidole. Vilikataa.