Sikio la Mama

Anasikia, shoga! Haki ya Mungu, mama anasikia!

Si unaujua mfuko wa jamii wa hapa mtaani, ule ambao mama mwenyewe aliuchangia enzi zake za ushonaji? Leo ndio umempa kifaa cha kusikia. Ukumbi umejaa, mama kavaa lile gauni la bluu alilojishonea. Fundi akamchomekea kale kadude sikioni taratibu, kama anamvisha hereni.

Mwenyekiti wa mfuko alikuwa nyuma yetu na mpiga picha. Hata sauti hakupunguza. Nani anamnong'onea kiziwi?

"Huyu mbona kapendeza hivi? Wafadhili watatushangaa. Mtafutieni gauni lililochakaa."

Fundi akainama. "Mama, unasikia?"

 Vidole vya mama vikawa vinalainisha pindo la gauni, vinarudi, vinalainisha tena.

"Nimesikia," akasema.

Shoga, ukumbi mzima makofi! Na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mwenyekiti.

Mama akamgeukia. "Lilete hilo chakavu, mwanangu, nivae. Gauni ni la kuazima, sikio ni langu."

Jamani, akalivaa. Akapigwa picha. Kisha wakampa kipaza sauti atoe shukrani, na hapo sasa... ngoja kidogo.

Mama ananiita kutoka chumbani, anauliza namsema nani. Kesho nitakumalizia, lakini tukutane nje. Nyumba hii haina tena siri.