Kiota cha Mlango Chini

Paliondokea Mnana, ndege mdogo fundi wa kufuma viota vya kuuza. Jirani yake Kunguru, bingwa wa makelele, akamjia.

"Hama mti huu. Biashara ya viota sasa ni yangu."

"Sihami," alijibu Mnana. Moyo ulimwaka, ila mdomo haukuacha kufuma.

Kunguru akamwibia kiota kimoja ili akiigize. Alipoona mlango unatazama chini, akacheka. "Mshamba huyu kakosea." Vyake akavifuma milango juu, akavinadi kwa makelele yake, na wateja wote wakamhamia.

Masika yakaingia. Viota vya Kunguru vikajaa maji kama mitungi. Wateja wakarudi kwa Mnana wametota, Kunguru nyuma yao.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja kunifukuza, hukuja kuuliza," alisema Mnana kwenye tawi lake lile lile. "Sasa panga foleni kama wenzako."