Dirisha la Mjukuu

Kipima hewa kililia chumbani, taa yake ikawa nyekundu. Anyona alielewa: gundi ya kabati jipya ilikuwa ikitoa formaldehaidi, gesi yenye sumu, na mjukuu wake alikuwa amelala humo, dirisha limerudishwa kwa sababu ya mvua.

Mke wa mwanawe alikuwa ameenda dukani. Anyona alifika mlangoni, akasita. Kwa Wakisii, mzee haingii chumba anamolala mke wa mwanawe.

Akatoka, akazunguka nyumba, akalivuta dirisha kwa nje likafunguka.

Mama mtoto aliporudi, taa ilikuwa ya kijani. Mzee alisimama mvuani akilishikilia dirisha lisirudishwe na upepo, mkono wa koti ukichuruzika maji.

"Baba, si ungeingia tu?"

"Hewa ndiyo imeingia, mama. Inatosha."